Baba Alipotolewa Kibofu, na Swali la Kama Saratani Itarudi

Baba yangu ametolewa kibofu cha mkojo. Ni mtu wa Kwimba, Usukumani, aliyeletwa Moshi na kazi ya reli, akamwoa Mama ambaye ni mtu wa Uru, akabaki. Naandika kwa ajili ya familia zilizo pale tulipokuwa sisi: upasuaji umepita, mgonjwa amerudi nyumbani na mfuko wa mkojo tumboni, wanaokuja kumjulia hali wanasema "Mungu ni mwema, imetolewa yote", na ninyi mliokaa na daktari mnajua kwamba neno "yote" yeye hakulitamka.

Ugonjwa ulianza kama unavyoanza kwa wengi. Damu kwenye mkojo, bila maumivu, siku mbili tatu, kisha inakata yenyewe. Zahanati moja ilimpa dawa za maambukizi ya njia ya mkojo, damu ikakata, akaendelea na shughuli zake. Ikarudi, akapewa dawa nyingine. Alipomsimulia tabibu mwingine utoto wake, akapewa prazikwanteli ya kichocho. Na kichocho kweli kilistahili kutajwa. Kwimba aliyokulia ni ya malambo na majaruba ya mpunga, na konokono wanaobeba kichocho cha mkojo hupenda maji madogo yaliyotulia ya namna hiyo kuliko Ziwa lenyewe. Baba anasema walipokuwa wadogo, mvulana aliyekojoa damu hakupelekwa popote. Wakubwa walisema amekua. Sasa, prazikwanteli huua minyoo, lakini haiwezi kufuta makovu ya mayai yaliyokaa miaka mingi kwenye ukuta wa kibofu, na katika uvimbe huo usiopona ndimo saratani inamopata nafasi. Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO lilikiweka kichocho cha mkojo katika kundi la visababishi vya uhakika vya saratani mwaka 1994. Juu ya hayo Baba alivuta sigara tangu alipoanza kazi ya reli, na sigara nayo ni kisababishi kikubwa cha saratani ya kibofu. Kipi kilimfikisha pale, hakuna aliyetuambia, na Baba mwenyewe hakutaka kuifungua kesi hiyo.

Alipofika KCMC, hospitali kubwa ya rufaa ya hapa Moshi, ilipitishwa kamera kwenye njia ya mkojo, kikachukuliwa kinyama, majibu yakasema saratani imeshaingia kwenye misuli ya kibofu. Ikifika huko kuikwangua kwa ndani hakutoshi. Walitoa kibofu chote, tezi dume, vifuko vya mbegu na tezi za limfu za nyongani. (Kwa mwanamke mara nyingi hutolewa na mfuko wa uzazi.) Kisha walikata kipande cha utumbo mwembamba, wakaunganisha nacho ile mirija miwili inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo, na mdomo wa kipande hicho wakautokeza upande wa kulia wa tumbo. Hapo ndipo mfuko unapobandikwa. Kuhusu maisha ya mfuko ningeweza kuandika ukurasa mwingine mzima. Leo naandika juu ya lile swali la kama saratani itarudi.

Ndugu wengi hudhani majibu makubwa ni yale ya kabla ya upasuaji, yale yaliyosema ni saratani. Kwa swali la kurudi, majibu yenye uzito ni ya baada. Kibofu kilichotolewa hupelekwa maabara, hukatwakatwa, huangaliwa kwa hadubini, na ripoti hutoka baada ya wiki kadhaa. Familia ikishaona mgonjwa anatembea na kidonda kimefunga, inaweza kuisahau ripoti hiyo kabisa. Nimekutana kliniki na kijana aliyemleta mama yake kwa ukaguzi, na nilipomuuliza majibu ya nyama yalisemaje, akaniambia hakujua kwamba kuna majibu mengine. Ulizeni. Ombeni nakala. Iwekeni kwenye faili la nyumbani, mahali ambapo hata mdogo wenu anaweza kuifikia usiku akiambiwa ailete.

Siku ya kupewa majibu, baba mdogo alikuwa amesafiri kutoka Mwanza kuja kutusihi kwamba mzee asiambiwe. Alisema mtu akijua siku zake anakata tamaa. Najua alisema kwa upendo, na najua nyumba nyingi zinafanya hivyo. Baba alisikia kupitia mlangoni. Akasema, "Kibofu ni changu, na majibu ni yangu," akavaa koti, tukaenda naye.

Daktari alikuwa mwanamke wa umri kama wangu. Alimwamkia shikamoo, akavuta kiti karibu yake, si karibu yangu, akaanza kwa kumuuliza, "Mzee, unataka kujua kiasi gani?" Baba akamjibu, "Yote unayoyajua wewe, mwanangu." Nitamheshimu daktari yule maisha yangu yote kwa kuuliza vile.

Alichora duara kwenye karatasi. Ndani ya duara kuna ngozi laini, inafuata misuli, nje ya misuli kuna mafuta yanayokizunguka kibofu, nje ya mafuta wapo majirani. Saratani iliyoishia kwenye misuli huitwa T2, iliyofika kwenye mafuta T3, iliyoingia kwa majirani T4. Ya Baba ilikuwa T3. Kisha tezi za limfu. Zilitolewa kumi na nne, zote safi. Akatueleza kwamba idadi nayo inasema kitu: tezi tatu zikichunguzwa na kukutwa safi, uhakika wake si sawa na tezi kumi na nne, kwa sababu zile chache zinaweza kuwa ndizo zilizobahatika. Kingo za nyama iliyotolewa zilikuwa safi, maana yake kisu kilipita mahali pasipo na ugonjwa. Seli za saratani hazikuonekana ndani ya mishipa midogo ya damu wala ya limfu. Na mwisho aina yake: seli bapa.

Hilo la mwisho mimi nililipita haraka. Macho yangu yalikuwa kwenye T3 na kwenye tezi. Mimi ni mhasibu wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya kahawa, kazi yangu ni tarakimu, kwa hiyo nilirudi nyumbani nikaanza kutafuta hesabu za watu waliopitia njia hii. Niliipata iliyo maarufu kuliko zote. Ni ya wagonjwa 1,054 waliotolewa kibofu katika Chuo Kikuu cha Southern California, Los Angeles, kati ya 1971 na 1997, iliyochapishwa mwaka 2001. Kati yao saratani iliwarudia asilimia 30. Nusu ya waliorudiwa walirudiwa ndani ya mwaka mmoja, na wengi wa waliobaki ndani ya miaka mitatu. Ambao saratani yao haikuvuka misuli wala kufika kwenye tezi walifanya vizuri sana. Waliokuwa kama Baba, imevuka misuli lakini tezi safi, asilimia 62 walifika miaka mitano bila kurudiwa. Waliokutwa nayo kwenye tezi walikuwa asilimia 35. Niliandika 62 kwenye daftari, nikaizungushia kalamu.

Kliniki iliyofuata nilimwonyesha daktari. Hakunikatisha tamaa, aliisoma yote, kisha akaniuliza, "Hao watu wa Los Angeles walikuwa na saratani ya aina gani?" Walikuwa na ile ya yurothelia, inayotokana na seli za kawaida za ukuta wa ndani wa kibofu, ndiyo ya kawaida Ulaya na Marekani na inayofuatana zaidi na sigara. Ya Baba ni ya seli bapa, ndiyo inayofuatana na kichocho. Akaniambia, kama unataka kumtafutia mzee ndugu zake wa hesabu, usiende Los Angeles, nenda Misri.

Mansoura ni mji ulio kwenye delta ya mto Nile, na pale kuna kituo cha magonjwa ya figo na mkojo ambacho Profesa Mohamed Ghoneim na wenzake walikijengea jina. Mwaka 1997 walichapisha hesabu ya wagonjwa 1,026 waliotolewa kibofu. Asilimia 59 walikuwa na seli bapa. Ni watu waliokua wakikanyaga maji ya mifereji kama Baba alivyokanyaga majaruba, na ugonjwa uliwapata wakiwa na umri mdogo kuliko ule wa Wamarekani. Kwa ujumla wao, hatua zote zikichanganywa, walioishi miaka mitano bila ugonjwa walikuwa asilimia 48.

Kilichobadilika kwangu kilizidi kushuka kutoka 62 kuja 48. Kilikuwa ni mahali pa kutazama. Saratani ya yurothelia ikirudi, mara nyingi huibukia mbali: mapafu, ini, mifupa. Ya seli bapa hupenda zaidi kurudi palepale nyongani, jirani na pale kibofu kilipokuwa. Kwa hiyo aina ya saratani inabadilisha uwezekano wa kurudi, inabadilisha mahali pa kuitafuta, na inabadilisha cha kufanya kabla haijarudi. Ripoti ya nyama ina maneno mengi magumu. Mtu akikushika mkono na kukuambia usome neno moja tu, soma aina.

Siku hiyohiyo Baba aliuliza swali ambalo mimi na elimu yangu sikuwa nimelifikiria. "Mmoja ananiambia sita kwa kumi, mwingine anasema hata tano hazifiki. Mimi ni yupi?"

Daktari akamjibu, "Hesabu haikujui wewe, Mzee. Inawajua wale waliofanana na wewe."

Nimekaa na jibu hilo muda mrefu. Asilimia 62 haina maana kwamba Baba amepona kwa asilimia 62. Kwake yeye saratani ama itarudi ama haitarudi, hakuna katikati. Tarakimu ni ya kundi, inasema kati ya mia waliofanana naye wangapi walipita salama, lakini majina yao haiyataji. Na kufanana kwenyewe kuna ngazi. Kuna vikokotoo vilivyotengenezwa kwa ajili hiyo. Kimoja kilitoka mwaka 2006 kutokana na wagonjwa zaidi ya 9,000 wa vituo kumi na viwili vya nchi mbalimbali. Kinaingiza umri, jinsia, hatua, daraja la ukali wa seli, aina ya saratani, hali ya tezi, na muda uliopita kati ya kugundulika na kupasuliwa, kisha kinatoa uwezekano wa miaka mitano. Ni kazi kubwa na nzuri. Ila wenyewe walipima ubora wake wakapata 0.75. Maana yake, ukichukua wagonjwa wawili, mmoja aliyerudiwa mapema na mwingine aliyekaa salama zaidi, kikokotoo kitamtaja vizuri aliye hatarini mara 75 katika 100. Ukirusha shilingi ungempata mara 50. Kwa hiyo ni bora sana kuliko kubahatisha, na bado mara moja katika nne kinakosea. Mtu akikupa asilimia ya mzazi wako kwa sauti ya kukata shauri, kumbuka hiyo robo.

Katika orodha ile kilichonigusa zaidi ni muda kati ya kugundulika na kupasuliwa. Mambo mengine yote yameshaandikwa mwilini. Hili pekee liko mikononi mwa watu. Tafiti zimeonyesha kwamba mgonjwa ambaye saratani imeingia kwenye misuli akicheleweshwa zaidi ya miezi mitatu, matokeo yake huwa mabaya. Na nani asiyejua inavyokuwa kwetu: vikao vya ukoo, kutafuta ng'ombe wa kuuza, kusubiri mavuno, kusubiri bima, kusubiri mjomba aliyesema atatuma, mtu wa kanisani aliyesema tuombe kwanza mwezi mzima. Sisemi msiombe. Mama alikesha akisali na mimi najua sala zake zilitubeba. Nasema sala na tarehe ya upasuaji vinaweza kwenda pamoja, na mwenye mgonjwa wa namna hii aipe tarehe heshima kubwa. Wanawake nao wana shida ya peke yao: damu yao hudhaniwa ni ya hedhi au ya ukomo wa hedhi, wakachelewa tangu mwanzo kabisa.

Sasa nirudi kwenye kile hesabu ilichotufanyia, maana bila hicho ingekuwa ni karatasi tu. Kwa sababu saratani ya Baba ilikuwa ya seli bapa, imevuka misuli, na mwelekeo wake ni kurudi nyongani, madaktari walikaa wakajadili mionzi. Walituambia juu ya utafiti wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Cairo, wa mwaka 1992, wenye wagonjwa 236 ambao saratani ilikuwa imekwenda ndani sana. Waliopasuliwa tu, asilimia 25 ndio waliokuwa bila ugonjwa baada ya miaka mitano. Walioongezewa mionzi baada ya upasuaji walikuwa kati ya asilimia 44 na 49, kutegemea jinsi mionzi ilivyogawanywa. Walituambia na upande wa pili, bila kuuficha: nyongani sasa kumejaa utumbo, kwa sababu kibofu kilichokuwa kikiusukuma juu hakipo, na utumbo uliopigwa mionzi unaweza kuleta matatizo ya kuziba hata miaka baadaye. Tiba za dripu za dawa za saratani (kemotherapi) ambazo wengine hupewa kabla ya upasuaji zilikuwa na ushahidi zaidi kwa ile aina ya yurothelia, na tena dawa yake kuu, sisplatini, inataka figo zenye nguvu. Za Baba hazikuwa hivyo.

Baba ndiye aliyeamua. Alisema, "Kama mwizi anajulikana atapita mlango gani, tulinde mlango huo." Akaenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, akakaa kwa shangazi Buguruni mpaka dozi ikaisha. Ulikuwa wakati mgumu wa kuharisha na kuchoka, joto la Dar, na mfuko uliokataa kushika kwenye ngozi yenye jasho. Sitaurefusha. Shangazi aliyemuuguza ndiye mwenye haki ya kuusimulia.

Baada ya hapo ilianza kazi ndefu ambayo haina jina zuri, ya kufuatilia. Miaka ya mwanzo ndiyo yenye hatari kubwa, kwa hiyo ndiyo yenye vipimo vingi: picha ya CT ya kifua, tumbo na nyonga kila baada ya miezi sita hivi, damu, mkojo, kupapaswa tumbo, kuangaliwa ule mdomo wa utumbo. Daktari alitufundisha dalili za kutosubiri tarehe. Mguu mmoja kuvimba. Maumivu ya nyonga au kiuno yanayokua. Mifupa kuuma usiku. Kikohozi kisichoisha. Kukonda. Damu kwenye mfuko. Na moja ambayo watu huionea aibu: damu kutoka kwenye uume, kwa sababu mrija wa mkojo uliobaki nao unaweza kuota saratani. Alimwambia Baba waziwazi, mbele yangu, na Baba akaitika kama anayeambiwa bei ya sukari. Afadhali hivyo. Aibu kwenye ugonjwa huu inaua.

Karibu na mwaka wa kwanza kreatinini ilipanda. Kipimo hicho kinaonyesha figo zinavyosafisha damu, na ya Baba tulikuwa tunaiandika kwenye daftari kila mara, kwa hiyo tuliiona ikipanda kabla hajasikia chochote. Ultrasaundi ikaonyesha figo ya kushoto imejaa mkojo na kuvimba. Sikulala. Kichwani mwangu ilikuwa imerudi, imekaa nyongani kama Misri walivyosema, imeuziba mrija. Kaka alianza kupiga simu za kuaga, kwa kweli, ingawa mwenyewe hakuziita hivyo. CT ilipofanyika hawakuona uvimbe. Lilikuwa ni kovu pale mrija ulipounganishwa na utumbo, jambo linalojulikana baada ya upasuaji huu, na hutokea zaidi upande wa kushoto kwa sababu mrija huo huvutwa safari ndefu kupita nyuma ya utumbo. Aliwekewa mrija mgongoni wa kutoa mkojo, baadaye kiungio kikarekebishwa, kreatinini ikashuka.

Tungekuwa tumeacha kliniki kwa kuona Baba ananenepa na anatembea mpaka sokoni Kiboriloni, figo ile ingekufa kimyakimya. Hapo nilielewa kwamba kufuatilia hakuchungi saratani peke yake. Kunamchunga mtu mzima aliyebaki baada ya saratani: figo zake, chumvi za damu yake, hata vitamini B12, ambayo hufyonzwa kwenye sehemu ileile ya mwisho wa utumbo mwembamba wanakokata kipande. Akiba ya B12 mwilini hukaa miaka kabla ya kuisha, kwa hiyo upungufu wake hujitokeza wakati watu wameshasahau upasuaji. Mguu ukifa ganzi, mtu anafikiri ni uzee.

Kitu kingine nilichojifunza, na hiki kilimpa Baba usingizi: utabiri haukai ulipo. Ile 62 au 48 ilikuwa hesabu ya siku ya upasuaji. Kwa kuwa kurudi kwingi hutokea mwanzoni, aliyefika miaka miwili bila kitu hayupo tena kwenye kundi lile la kwanza. Waliorudiwa mapema wameshatoka ndani yake, na uwezekano wa waliobaki kufika mbele ni mkubwa kuliko ule waliopewa mwanzo. Daktari alimwambia hivyo kliniki ya mwaka wa pili, Baba akauliza mara mbili ahakikishe amesikia sawasawa. Nawashangaa watu wanaobeba asilimia ya siku ya kwanza mpaka mwaka wa nne kana kwamba ni jina la ubatizo. Kila CT iliyo safi inampa mgonjwa hesabu mpya, na ana haki ya kuiuliza.

Vijana wa nyumbani wananitumia habari za kipimo cha damu kinachotafuta vipande vya vinasaba vya saratani. Ni habari ya kweli. Watafiti wa Aarhus, Denmark, walichapisha mwaka 2019 hesabu ya wagonjwa 68 wakaonyesha kwamba damu ilitoa ishara ya kurudi mapema kuliko picha, kwa kawaida miezi mitatu hivi. Wagonjwa wale ni wa yurothelia, na kipimo hicho si sehemu ya kliniki yetu. Nafurahi kipo duniani na ninaomba kifike. Lakini mtu asije akaikosa CT ya Machi kwa kungoja kipimo cha Denmark.

Baba naye alifanya hesabu yake. Alisema kama ni tano kwa kumi, basi apange kwa zote kumi. Aliita watoto wote, akaandika wosia mbele ya mashahidi, akagawa kiwanja cha Pasua na kile cha Kwimba bila kumwachia mtu ugomvi. Wiki hiyohiyo akanunua miche ya parachichi, ambayo haizai kesho. Baba mdogo, yule aliyetaka afichwe, ndiye aliyemsaidia kuchimba mashimo. Walikuwa wakibishana juu ya nafasi kati ya mche na mche, na hakuna aliyetaja ugonjwa mchana kutwa. Nilipokuwa nikiogopa kwamba ukweli utamvunja, sikujua kwamba mtu aliyeambiwa ukweli hupata pia muda wa kuutumia. Sigara aliacha siku ya majibu, na hajagusa tena.

Sasa amevuka mwaka wa tatu. CT ya mwisho ilikuwa safi, na ratiba imelegezwa kuwa mara moja kwa mwaka, pamoja na damu ya figo na B12. Anataka kwenda Kwimba msimu wa kilimo akakae miezi kadhaa, na hatukumzuia. Tumemwomba daktari amwandikie barua ya kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, ili akipata homa au mfuko ukikauka mkojo asianze kuelezwa upya kama mgonjwa wa maambukizi ya njia ya mkojo. Nimetoa nakala tatu za ripoti ya nyama: moja inabaki kwangu, moja ya kaka, moja anasafiri nayo kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya bima na mifuko ya kutosha ya tumboni, kwa sababu kule haipatikani kirahisi. Juu ya kila nakala nimeandika kwa wino mwekundu: seli bapa, T3, tezi 14 safi, figo ya kushoto iliwahi kuziba.